Bustani na Wasomaji: Kuutambua Mmea Wenye Kiu na Mmea Uliozidiwa Maji

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu mimea inayojiwekea akiba ya maji mwilini: mshubiri, kaktasi za kila umbo, waridi la jangwani, na ile mimea midogo ya majani manene yaliyojipanga kama ua, ambayo siku hizi hutolewa zawadi harusini na kupangwa kwenye madirisha ya ofisi. Karibu kila mwandishi anauliza jambo lile lile kwa maneno yake, yaani atajuaje kwamba mmea wake unahitaji maji. Nimechagua barua sita, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

Shikamoo Mama. Nina mshubiri niliopewa na mama mkwe wangu. Umo katika ndoo ya plastiki iliyokuwa ya kuwekea rangi ya ukuta, na nimeuweka barazani. Hii ni wiki ya tatu majani yake yamelegea na kukunjamana, na yale ya chini yanageuka manjano. Nilidhani una kiu, nikaacha kumwagilia mara moja kwa siku, nikawa namwagilia asubuhi na jioni, lakini hali inazidi kuharibika. Je, niongeze maji zaidi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Tafadhali usiongeze hata kikombe kimoja kabla hujalisoma jibu hili hadi mwisho, kwa sababu majani yaliyolegea na kugeuka manjano juu ya udongo unaoloweshwa mara mbili kila siku ni dalili ya mizizi iliyooza, wala si ya kiu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea papo hapo miaka mingi iliyopita, nikaupoteza mshubiri ambao bibi yangu aliukuza tangu nikiwa mtoto. Ulikuwa msimu wa masika, majani yakasinyaa, nikauonea huruma, nikaumwagilia. Sikujua kwamba jani la mmea wa namna hii husinyaa katika hali mbili zilizo kinyume kabisa: mizizi inapokosa maji ya kunywa, na mizizi inapokuwa imekufa ndani ya maji hata haina tena uwezo wa kuyanywa. Mizizi hupumua. Huvuta hewa iliyomo katika nafasi ndogondogo za udongo, na nafasi hizo zikijaa maji siku nyingi mfululizo, mizizi myembamba hufa kwanza, kisha vimelea vya kuozesha huingia na kupanda hadi kwenye shina. Jani lililo juu hubaki na kiu ilhali chini ni tope. Kwa hiyo jani peke yake si shahidi wa kutosha, na kila mara udongo nao sharti uulizwe.

Kuuliza udongo hakuhitaji kifaa cha kununua. Chukua kijiti cha mishikaki kilicho kikavu, kichomeke taratibu hadi karibu na kitako cha chombo, kiache kwa muda wa dakika kumi, kisha kichomoe. Kikitoka na udongo ulioganda, au kikiwa na ubaridi na rangi iliyokolea, maji bado yapo na hupaswi kumwagilia, hata kama udongo wa juu umekauka na kupasuka. Kikitoka kikavu na safi kama kilivyoingia, sasa ndipo utazame majani. Njia ya pili ni uzito: kinyanyue chombo mara baada ya kumwagilia na maji kuchuruzika, ukinyanyue tena kila baada ya siku chache, na baada ya mwezi mmoja mikono yako itakuwa imejifunza tofauti kiasi kwamba hutahitaji kijiti. Mimi huiamini njia hii kuliko zote, ingawa haifai kwa vyombo vikubwa.

Sasa majani yenyewe. Mshubiri wenye kiu huwa na majani yaliyokonda, ambayo kingo zake hujikunja kwenda ndani hata jani likafanana na mtumbwi mwembamba; ukilibonyeza hulioni likipondeka, ila unahisi kwamba limepungua ujazo, na ncha zake hukauka na kuwa kahawia. Mshubiri uliozidiwa maji huwa na majani mazito yaliyolegea, yenye mabaka kama yaliyoloweshwa, rangi ya manjano inayopenya mwanga, na ukilibonyeza karibu na shina linapondeka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mara nyingi pana harufu. Ukiushika mmea shinani na kuutikisa kwa upole, nao ukayumba kana kwamba haukushikwa na kitu, basi mizizi imekwisha.

Ikiwa bado una mashaka, uko mtihani mmoja ambao haudanganyi. Mmea wenye kiu ya kweli, ukimwagiliwa maji ya kutosha mara moja, majani yake hujaa na kukakamaa tena baada ya siku chache. Wako umemwagiliwa kwa wiki tatu nao haujainuka, kwa hiyo jibu unalo tayari.

Utoe mmea huo kwenye ndoo leo. Osha mizizi, kata kwa kisu safi kila sehemu iliyo laini au nyeusi mpaka ufike kwenye nyama ngumu isiyo na baka, kisha uuache mmea kivulini mahali penye upepo kwa muda wa wiki moja ili vidonda vikauke. Machipukizi madogo yaliyo pembeni, yakiwa mazima, yatenge na kuyapanda peke yake, kwa maana yanaweza kuwa ndiyo yatakayookoka. Pandikiza katika mchanganyiko mkavu wenye changarawe au mchanga mnene wa mtoni kwa kiasi cha nusu nzima, wala usitumie mchanga wa baharini kwa sababu una chumvi, na usimwagilie mpaka wiki nyingine ipite. Na ndoo ya rangi, mwanangu, kama haikutobolewa chini, ndiyo chanzo cha yote. Kuweka kokoto chini ya udongo katika chombo kisicho na tundu hakusaidii, kwani maji hayana pa kutokea, yanatuama tu chini ya mizizi.

Huenda ukajiuliza kwa nini mmea huu unywe kidogo hivyo wakati mchicha ulio jirani yake unadai maji kila siku. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na maji mengi hupotelea hapo kwa sababu ya jua. Mshubiri, kaktasi, mkonge, na hata nanasi, hufungua vitundu hivyo usiku, wakati hewa ina ubaridi na unyevu, huihifadhi hewa ya ukaa katika hali ya asidi ndani ya jani, kisha huifanyia kazi mchana vitundu vikiwa vimefungwa. Wakulima wa mkonge wa Tanga, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, hutegemea mvua tu, lakini hata wao hawapandi mkonge mahali panapotuama maji.

Mama, salamu kutoka Nairobi. Nilizawadiwa echeveria tatu, ile mimea midogo ya majani manene yaliyojipanga kama ua, kwenye sherehe ya dada yangu. Aliyeziuza alisema nizimwagilie kila Jumamosi bila kukosa. Tangu Juni majani ya chini yanakauka moja baada ya jingine, na moja ya mimea hiyo imerefuka shingo na kuinama dirishani. Je, Jumamosi moja kwa wiki haitoshi?
*Msomaji, Nairobi*

Nakushukuru kwa kueleza mwezi, kwa kuwa mwezi ni nusu ya jibu. Mimi sikubaliani kabisa na ratiba za siku maalumu. Mmea haujui Jumamosi. Chungu kidogo cha udongo wa kufinyanga kinachopigwa na jua la Februari kinaweza kukauka kwa siku tano, na mmea ule ule ukiwa katika chombo cha plastiki, ndani ya nyumba, katika baridi na mawingu ya Julai ya Nairobi, unaweza kukaa na unyevu kwa wiki tatu au zaidi. Aliyekuuzia hakukudanganya kwa makusudi. Alikutajia siku inayokaribiana na hali ya bandani kwake, ambako pana mwanga mwingi kuliko dirishani kwako.

Kuhusu majani ya chini, tazama yanavyokufa. Yakikauka polepole, yakawa membamba kama karatasi, huku majani ya katikati yakiwa magumu na yenye afya, hiyo ni kawaida: echeveria hunyonya maji na chakula kutoka kwenye majani yake ya zamani ili kulisha mapya, nawe kazi yako ni kuyaondoa tu ili wadudu wasijifiche humo. Yakianguka yakiwa bado mazito, laini na ya manjano, tena kwa kuguswa kidogo tu, maji yamezidi. Na kama si ya chini peke yake bali hata ya katikati yamekunjamana, na kijiti kimetoka kikavu, hapo ndipo kiu ilipo. Dalili ya kiu katika echeveria huonekana mapema kwenye majani ya safu ya pili na ya tatu kutoka chini: yashike kwa vidole viwili, na yakipinda kwa urahisi badala ya kukaidi, mwagilia.

Kurefuka shingo hakuhusiani na maji hata kidogo. Ni njaa ya mwanga, na kuongeza maji katika mwanga hafifu ndiko kunakoozesha. Usogeze mmea penye mwanga zaidi, ukiuzoesha jua kidogo kidogo ili usiungue.

Dada mpendwa, mimi ni mwalimu mstaafu, na nimekuwa nikifuga kaktasi kwa miaka mingi. Moja yenye umbo la mpira imeanza kuwa kahawia na ngumu kama gome kuanzia chini, na mbavu zake zimebonyea. Jirani ananiambia inaoza na niitupe. Pia napenda kujua kama mnyaa niliopanda uzioni nao ni kaktasi na unahitaji utunzaji wa aina moja.
*Msomaji, Dodoma*

Shikamoo Mwalimu. Naomba usiitupe. Kaktasi inapozeeka, ngozi ya chini hugeuka kuwa kama kizibo cha chupa: ngumu, kavu, ya rangi ya kahawia au kijivu, nayo hupanda kwa miaka, si kwa siku. Huo ni uzee, si ugonjwa. Kuoza ni kitu kingine. Kidole kikibonyeza kinazama, rangi hukolea hadi kuwa nyeusi au kama chai, baka huenea kwa siku chache, na mara nyingine maji hutoka. Bonyeza kwa mpini wa kijiko ili usichomwe na miiba. Pakiwa pagumu, tulia.

Kubonyea kwa mbavu ni lugha ya kaktasi yenyewe. Mbavu hizo zimeumbwa zikunjike na kukunjuka mithili ya mikunjo ya kinanda cha mkono, mwili ukitanuka mvua inaponyesha na kusinyaa ukame unapokuja, bila ngozi kupasuka. Kaktasi kubwa za jangwa la Arizona huishi kwa utaratibu huo. Kubonyea kidogo katika kiangazi cha Dodoma, ambako mvua hukatika kuanzia Mei hadi karibu na Desemba, si hatari, na kwa maoni yangu ni afadhali kuliko kaktasi iliyojaa hadi ngozi inang'aa. Lakini mbavu zikiingia ndani sana, kilele nacho kikazama, na udongo ukawa mkavu hadi chini, mwagilia jioni mpaka maji yatoke kwenye tundu, kisha umwage yaliyobaki kisahanini. Usinyunyize vijiko viwili vitatu kila siku kwa kuogopa. Maji kidogo kidogo hulowesha juu tu, mizizi ya chini hubaki kavu, na chumvi ya maji ya kisima hujilimbikiza ikaacha utando mweupe juu ya udongo. Ukiwa na pipa la kukingia mvua, yatumie maji hayo kwa kaktasi kwanza.

Jambo moja la kuangalia, Mwalimu, ikiwa umeimwagilia vizuri nayo bado imebonyea baada ya wiki moja: itoe chunguni na uchunguze mizizi. Pakiwa na vitu vyeupe kama pamba, hao ni vidung'ata wa mizizi, wanaofyonza mmea na kuufanya uonekane una kiu ya kudumu. Osha mizizi yote, tupa udongo ule, na upande upya katika udongo mkavu.

Mnyaa si kaktasi. Kaktasi karibu zote asili yake ni bara la Amerika, pamoja na mpungate uliosambaa Laikipia nchini Kenya hadi kuwa kero kwa wafugaji, ilhali mnyaa ni wa Afrika. Ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa, nao ni hatari sana kwa macho, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kujigusa uso. Ukiwa ardhini kama uzio na umeshashika, hauhitaji kumwagiliwa kabisa.

Shikamoo Mama. Waridi langu la jangwani limepukutisha majani yote mwezi wa Julai, na lile bonge la shina limekuwa laini kidogo. Nimeogopa kulimwagilia, na pia nimeogopa kutolimwagilia.
*Msomaji, Mombasa*

Marahaba binti yangu, na hofu yako naielewa, kwa sababu bonge hilo ndilo ghala la mmea mzima, na likioza hapabaki kitu. Kupukutisha majani wakati wa kipupwe ni desturi ya mmea huu, ambao kwao ni nyika kavu za Afrika na Uarabuni. Hulala. Mmea uliolala hunywa kidogo sana, na maji uliyokuwa ukiupa Machi ni mengi mno kwake Julai.

Shika bonge kwa kiganja kizima, kisha libonyeze kwa kidole gumba pande zote nne, juu na chini. Ulaini ulio sawa kila mahali, wenye mikunjo midogo ya ngozi, juu ya udongo mkavu, ni ghala lililopungua: mpe maji kiasi, nusu ya unayompa siku zote, na utahisi bonge likikakamaa baada ya siku kadhaa. Ulaini wa upande mmoja tu, hasa pale shina linapokutana na udongo, wenye rangi iliyokolea, juu ya udongo wenye unyevu, ni uozo. Huo haungoji. Kata nyama yote mbovu mpaka uone nyama nyeupe pande zote za kidonda, liache bonge likauke kivulini kwa wiki mbili, ndipo upande. Vaa glavu unapokata, kwani utomvu wake ni sumu, na baadhi ya jamii za Kiafrika ziliutumia kupaka mishale ya kuwindia.

Joto likirudi na macho ya majani yakaanza kuchomoza, badilisha mwendo. Watu wengi husikia neno jangwa wakadhani mmea huu haupendi maji, kumbe wakati wa kukua, katika udongo usiotuamisha, huyapenda sana. Kuanzia Oktoba mwagilia kila udongo unapokauka hadi nusu ya kina cha chungu. Majani yakigeuka manjano katika msimu huo wa joto na kijiti kimetoka kikavu, ni kiu. Yakiwa na vidoa vidogo vidogo na utando mwembamba chini yake, usimwagilie ukidhani ni kiu, bali tafuta utitiri.

Assalamu alaykum Mama. Huku Muscat joto la Juni linapita nyuzi 40, na mimea yangu ya majani manene inajifunga kama ngumi. Nimwagilie mara ngapi?
*Msomaji, Muscat*

Waalaykum salaam. Baadhi ya mimea hiyo husimamisha ukuaji joto linapozidi, na kujifunga ni namna ya kupunguza sehemu inayopigwa na jua. Echeveria kwa mfano asili yake ni nyanda za juu za Meksiko, na kiangazi cha Oman ni kizito kwake. Ondoa mimea juani wakati wa adhuhuri, pima kwa kijiti jioni, na ukimwagilia umwagilie baada ya Magharibi. Usimwage maji mchana katika chungu kilichoshika moto, kwa sababu maji hayo hupata joto na kuumiza mizizi. Kama umeingiza mimea ndani penye kiyoyozi, kumbuka kwamba mwanga wake umepungua, hivyo udongo utakawia kukauka ingawa hewa ya chumba ni kavu.

Mama, ofisini kwetu kuna ule mmea wa majani ya kijani yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Kila anayepita anaumwagia maji yaliyobaki kwenye chupa yake. Je, unahesabika miongoni mwa hii mimea?
*Msomaji, Zanzibar*

Unahesabika, na hapo ulipo uko kwao, kwa maana zamiokulka, ndilo jina la mmea huo, huota yenyewe kuanzia Kenya kupitia pwani yetu na visiwani mpaka Afrika Kusini. Akiba yake haiko kwenye majani peke yake, bali iko pia chini ya udongo, katika viini vinene vinavyofanana na viazi. Unapokuwa na kiu, vikonyo vya majani hukunjamana, na vipande vya majani huanza kudondoka. Unapozidiwa, kikonyo kizima hugeuka manjano na kulainika kuanzia chini. Ofisini, penye mwanga wa dirisha la mbali, maji mara moja kwa wiki tatu au nne yanaweza kuutosha. Weka karatasi chunguni yenye jina la mtu mmoja anayeruhusiwa kuumwagilia, na kijiti cha mishikaki kikae hapo hapo kando ya shina, ili naye asimwage maji kabla hajakichomoa na kukitazama.